Daftari la Karani Tamba

Tumbusi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na sifa zake zilijulikana toka Voi hadi Mackinnon Road. Mwanajumuiya akifa alfajiri, kabla ya adhuhuri Tumbusi ameshafika, ameshapanga nani atachimba, nani atapika, nani atasoma wasifu wa marehemu, na chungu cha michango kimeshawekwa chini ya mbuyu. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kudokoa hata punje moja ya mchango. Jumuiya ya Mbuyu, huko Nyika ya Taru, ilimheshimu, na heshima hiyo aliistahili.

Mwaka wa 2022 hakupata nafasi ya kupumzika. Vuli ya 2020 ilikuwa haba, masika yaliyofuata yakawa haba, kisha vuli tena, kisha masika tena, misimu minne mfululizo. Mto Voi ulikauka, ndovu wakawa wanachimba mchanga kwa miguu na mikonga kutafuta maji, na wanyama wengine wakisubiri zamu zao kandokando ya visima hivyo. Serikali ya Kenya ilipohesabu mizoga ya wanyamapori, kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, ilipata ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Hao ndio waliohesabiwa. Digidigi, nguchiro na ndege wa vichakani hawana wa kuwahesabu ila jumuiya yao wenyewe.

Na Jumuiya ya Mbuyu ilikuwa na wa kuhesabu. Karani Tamba, mrefu wa miguu, mwenye manyoya ya kuandikia kisogoni, ndiye aliyetunza daftari. Kila Alhamisi jioni, baada ya Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina, aliita majina. Aliyekuwepo alipata mkato, asiyekuwepo alipata duara. Safu ya pili ilikuwa ya zaka, ya tatu ya michango. Mwenye maduara matatu mfululizo bila taarifa aliandikwa pembeni kwa wino mwekundu: si hai. Kuanzia siku hiyo hakuwa tena mwanajumuiya hai, na shida ikimpata jumuiya haikuwa na deni kwake.

Kanuni hiyo haikutungwa na wabaya. Zamani walikuwepo waliokuja jumuiyani siku ya kufiwa tu. Ngiri mmoja alifika kwa mara ya kwanza alipofiwa na baba yake, akataka hema, kwaya na chakula cha wageni, akapewa vyote, na baada ya matanga hakuonekana tena. Waliokuwa wakichanga kila wiki, tena wengi wao wanyonge, walichoka. Uchovu wao ninauelewa na siudharau. Lakini kanuni ikishaandikwa haimtafuti aliyeisababisha. Humpata yeyote aliye karibu.

Mwanzoni mwa Novemba mawingu yalikusanyika juu ya Mlima Kasigau, mvua ikanyesha siku tisa. Nyasi zikachipua. Kumbikumbi wakaruka. Baba Hondohondo, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya, akamwambia mkewe kwamba safari hii msimu umerudi. Wakachagua tundu katika mgunga mkubwa, na Mama Hondohondo akaingia.

Hondohondo huzaa hivi: jike huingia katika tundu la mti, kisha mlango huzibwa kwa matope na kinyesi, ukabaki mwanya mwembamba ambao mdomo tu unapita. Humo ndani hutaga, huatamia, na manyoya yake ya mabawa hupukutika, kwa hiyo kwa majuma kadhaa hawezi kuruka hata akitaka. Chakula chake chote hupita katika mwanya ule. Dume huleta panzi mmoja, huenda, hurudi na kiwavi mmoja, huenda tena, kutwa nzima. Ukuta humlinda jike na makinda dhidi ya nyani na nyoka. Ukuta huohuo humfanya aishi kwa imani kwamba kuna anayerudi.

Mvua ikakatika. Kumbikumbi wakaisha, panzi wakapungua, nyasi zikakauka kabla ya kutoa mbegu. Baba Hondohondo akawa anakwenda mbali zaidi, na hatimaye hadi barabara kuu ya Mombasa, ambako malori hudondosha mahindi na ngano njiani. Huko ndiko alikogongwa, saa nne asubuhi, na lori lililokuwa likipanda kuelekea Nairobi. Dereva hakusimama.

Tumbusi alifika ndani ya saa moja.

Mazishi yalikuwa makubwa. Marehemu alipendwa, na watu walikuwa wamechoka kuzika wanyama waliokonda bila hata wimbo. Walitaka angalau mmoja azikwe vizuri. Digidigi alitoa ubuyu, ngedere walileta ukwaju, ndege wadogo walileta mahindi yaleyale ya barabarani, punje moja moja, hadi chungu kikajaa. Mkesha ulikuwa wa siku tatu. Kwaya iliimba hadi ikakauka sauti. Wageni kutoka Maungu na Sagalla walikula wakashiba, jambo ambalo lilikuwa halijatokea nyikani kwa muda mrefu, na baada ya kila kitu kulipwa salio likabaki, likawekwa kwa ajili ya misa ya kumbukumbu.

Jambo moja tu liliwakera. Mjane hakufika.

“Hata kumzika mumewe!” alisema Bi Kanga, mwenyekiti wa chama cha akina mama. “Nimezika wengi, sijaona hili.” Akina mama wenzake wakatikisa vichwa. Karani Tamba akafungua daftari palepale kaburini. Mama Hondohondo alikuwa na maduara manne. Akaongeza la tano.

Hapa naomba kuiacha nyika kidogo. Mwaka huohuo, Mkenya asiyeajiriwa alilipa shilingi 500 kwa mwezi kwa bima ya NHIF, yaani 6,000 kwa mwaka, na bima hiyo ilimhusu yeye, mwenzi wake na watoto wao. Kiasi hicho hukusanywa kwa kofia moja katika kikao cha kwanza cha mazishi. Lakini ni jumuiya ngapi zilizowahi kuulizana, mtu akiwa bado anatembea, ni nani kati yetu ambaye kadi yake ya bima imekwisha muda? Hatuna uchoyo. Tunatoa, tena tunatoa sana, ila mkono wetu hufunguka jeneza linapofika. Na mimi naandika haya kwa sababu nawapenda watu wa jumuiya hizi, na kwa sababu najua upendo walio nao unatosha kufika mapema.

Ndani ya mgunga, Mama Hondohondo alisikia kwaya. Mbuyu haukuwa mbali. Usiku wa kwanza alisikia nyimbo za msiba akajiuliza ni nani amefariki, akamsubiri mumewe aje amweleze. Alikuwa amezoea kupata habari zote za nyika kupitia mwanya ule, pamoja na chakula. Usiku wa pili aligundua kwamba sauti ya tatu haimo. Aliisikiliza kwaya ubeti baada ya ubeti, akiitafuta sauti hiyo, na kila mahali ilipopaswa kuingia palikuwa patupu. Usiku wa tatu walitaja jina.

Alikuwa na makinda manne, mkubwa ana siku sita, mdogo amekuja juzi. Angeweza kubomoa ukuta. Lakini bila mabawa angeanguka chini na kubaki chini, na makinda yangebaki wazi mbele ya nyani. Akakaa. Akayafunika. Alikuwa na panzi wakavu wachache alioweka pembeni kwa ajili ya siku mbaya, akaanza kuwagawa vipande.

Waliogundua ni nguchiro. Wao hulala kichuguuni, na kila asubuhi hondohondo huja kuwasubiri nje, kwa kuwa nguchiro wakichokora ardhi panzi huruka, na hondohondo naye humwona kipanga kabla nguchiro hawajamwona. Ni ushirika wa zamani katika nyika ile. Nguchiro wakichelewa kuamka, hondohondo husogea hadi mdomo wa tundu na kuwaita. Sasa kwa asubuhi kadhaa hakukuwa na wa kuwaita. Watoto wa nguchiro walimuuliza mama yao, na mama yao akafikiri.

Mama Nguchiro alitoka katika ukoo wenye desturi moja njema. Mwenzao akiumia, kundi hupunguza mwendo. Humlalia kumpa joto, humsafisha manyoya, na yeye hula karibu na wenzake hadi apone au afe akiwa katikati yao. Hawakuwahi kuiandika popote. Basi Alhamisi iliyofuata, kabla ya sala ya kufunga, alisimama kwa miguu miwili ili aonekane.

“Bwana Karani, nina neno. Mama Hondohondo hatumwoni.”

Karani alifungua ukurasa. “Maduara sita. Wino mwekundu. Hakutoa taarifa.”

“Amejifungia ndani.”

“Kujifungia ni hiari yake,” alisema Bi Kanga.

“Ana makinda, Bi Kanga. Hondohondo wote huzaa hivyo. Nani hapa asiyejua?”

Kikao kikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na asiyejua. Walijua tangu utoto kwamba hondohondo jike huzibiwa ndani ya mti. Walijua pia kwamba Mama Hondohondo ana maduara sita. Walikuwa wamezibeba habari hizi mbili mwezi mzima, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Tumbusi alijikohoza. Alisema salio lipo, na kwamba kwa upande wake hana kinyongo, lakini katiba ya kamati inasema mfuko hufunguliwa kifo kikishathibitishwa. Alisema kwa huzuni ya kweli.

Wakamgeukia Padre Twiga. Padre alikuwa mwema, na aliona mbali kuliko wote: aliona Kasigau, aliona reli ya Mombasa, na mwaka ule alikuwa ameona mahali pa kujenga mnara wa kengele. Tundu la mgunga lilikuwa usawa wa goti lake. “Tutamweka katika maombi ya Jumapili,” alisema. Na Jumapili ilipofika waliombewa wagonjwa, wasafiri, wajane, na wote wenye shida mbalimbali. Mimi naamini katika sala. Kwa sababu hiyo inaniuma kuona sala ikitumika kulifunga jambo ambalo ndiyo kwanza limefunguliwa. Jina lake halikutajwa, na hakuna aliyetoka kanisani akiuelekea ule mgunga.

Katekista Kobe alifika Jumatatu. Alikuwa amealikwa mazishini, na ndiyo kwanza anawasili. Mama Nguchiro akamweleza yote njiani, mzee akasikiliza bila kuongeza wala kupunguza mwendo, kisha akaomba kikao kiitwe siku ileile. Walikuja, maana hakuna aliyewahi kumkatalia Mzee Kobe.

“Ugomvi wa kwanza ulioandikwa kati ya waumini wa Yerusalemu,” alianza, “ulihusu sahani. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa upande wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuuliza kama wajane wale wanahudhuria. Waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia mgao, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kigiriki. Nadhani waliwakabidhi kazi wale waliokuwa wakiumia, kwa sababu anayeumia ndiye ajuaye nani amerukwa.”

Karani Tamba alikuwa akiandika. Kobe akamtazama.

“Na daftari, mwanangu, ni kitu cha zamani. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo kuna daftari la wajane, mjane aandikwe akifikisha miaka 60. Waliandika wapate kujua nani wa kutunzwa. Mwaka wa 251 Askofu Kornelio wa Roma alimwandikia mwenzake wa Antiokia akahesabu watu wa kanisa lake: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wenye shida zaidi ya 1,500. Hebu fikirini askofu wa mji mkubwa vile, kanisa lake likiwa limetoka tu kuwindwa na dola, naye anajua idadi ya wanaomtegemea kwa chakula.”

“Lakini sisi ni jumuiya ndogo, Mzee,” alisema Padre Twiga kwa upole.

“Tena tumefanywa wadogo kwa makusudi, Padre. Mimi nilikuwa tayari nimezeeka maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka wa 1973, na tena 1976, wakaamua parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Parokia ilikuwa kubwa mno. Katika umati wa Jumapili unaweza kukaa miaka kumi usijulikane, ukaugua usiulizwe. Penye familia chache, kiti kikiwa kitupu kila mtu anakiona. Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya udogo wetu. Sasa, Karani, tusomee maduara.”

“Maduara peke yake?”

“Peke yake.”

Karani alisita. Katika utumishi wake wote alikuwa akisoma mikato, na maduara aliyaacha kimya. Akaanza.

Digidigi wa Korongo la Chini, maduara manne. Mtu mmoja akasema, lakini si mwenziwe alichukuliwa na chui? Digidigi huishi wawili wawili maisha yao yote. Huyu alikuwa hatoki kichakani tangu siku hiyo, na michango yake alikuwa akiituma kwa mkono wa jirani, ubuyu ule wa mazishini ukiwamo. Alikuwa akichangia misiba ya wenzake, lakini msibani kwake hakuna aliyefika kuhani.

Pundamilia wa Mwatate, maduara saba. Ana mtoto aliyevunjika mguu.

Nyani mzee, maduara tisa. Kimya. Kisha kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba amepofuka, na huona aibu kuongozwa.

Kulikuwa na wavivu pia. Ngiri alikuwemo, na hapakuwa na lolote linalomsumbua. Lakini katika majina kumi na manne, wavivu walikuwa wawili. Wengine wote walikuwa wameandikwa si hai kwa sababu ya jambo lilelile ambalo jumuiya iliundwa kulibeba. Karani alipofika mwisho hakufunga daftari. Alilishika wazi, na wino mwekundu ulionekana hadi nyuma.

Jioni ileile walikwenda kwa Mama Hondohondo, na ningependa kusema kwamba walifanya vizuri. Walikwenda ishirini na watatu. Waliimba nyimbo nne. Watano walitoa neno la faraja, na wa tatu alieleza kwa urefu jinsi yeye mwenyewe alivyofiwa na shangazi. Nyani waliokuwa ng'ambo ya korongo waligeuza vichwa kusikiliza kelele zinatoka mti gani. Mwishoni Padre alibariki, na Bi Kanga akamwomba mjane atoe neno la shukrani kwa wageni.

Hakuna aliyekuwa amebeba chakula. Kila mmoja alidhani mwingine amebeba.

Mama Hondohondo hakuwa na sauti ya kusema neno. Lakini alilelewa vizuri, na mgeni haondoki bila kuonja kitu. Katika mwanya ukatokea mdomo wake, na katika ncha ya mdomo nusu ya panzi mkavu. Bi Kanga, aliyekuwa karibu zaidi, akaipokea kwa heshima, kama inavyopasa, akaila. Ilipokuwa imeshateremka kooni ndipo aliposikia makinda.

Usiku huo Bi Kanga hakulala. Kabla ya alfajiri alikuwa peke yake chini ya mgunga, na mdomo umejaa mchwa. Kanga ni ndege wa chini, mzito, hajazoea kuning'inia kwenye shina. Aliteleza mara mbili, mchwa wakamwagika, akawaokota. Mara ya tatu alishika gamba la mti kwa kucha na kusukuma kichwa hadi mwanyani. Mdomo uliotoka ndani ulimdonoa kwa nguvu, maana haukumjua. Alivumilia. Ukadonoa tena, safari hii ukachukua mchwa.

Aligundua mambo ambayo hayakuwa katika mwongozo wa chama. Chakula kingi kwa mkupuo mmoja hakipiti. Kinapita kidogo kidogo, mara nyingi. Anayeleta aje kimya, na wasizidi wawili. Ubuyu haufai makinda, yanataka wadudu. Asubuhi na mapema ni bora kuliko mchana. Kufikia Jumatano alikuwa amepanga zamu, akina mama wote wakiwamo, kila mmoja na saa yake. Nguchiro walichokora ardhi chini, kanga wakapandisha juu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na wimbo wala hotuba, na hakuna aliyetangazwa jina kwa kuifanya.

Siku ya nne mjane alisema neno lake la kwanza. Hakuomba chakula. Alisema, “Bi Kanga, nisimulie.”

Bi Kanga akamsimulia. Mahali barabarani. Saa. Lori. Jinsi Tumbusi alivyomfunika mwili kabla jua halijawa kali. Kwamba mdomoni alikuwa na punje moja ya mahindi, hakuiachia. Alimweleza pia nani aliimba sauti ya tatu mazishini: hakuna, waliiacha wazi. Mjane aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili, na Bi Kanga aliyajibu yote mara mbili. Siku zote alikuwa akidhani mfiwa hukingwa asisikie habari kama hizi.

Makinda mawili hayakuishi. La mwisho kutotolewa lilikuwa limekufa kabla ya wale ishirini na watatu kuja na nyimbo zao. La tatu lilidumu hadi Ijumaa. Tumbusi alikuja kuyazika, safari hii bila chungu na bila hema. Alichimba mwenyewe shimo dogo chini ya mgunga, na alipomaliza hakuondoka.

“Nilimwona,” alisema. Mama Nguchiro alikuwa karibu, na Karani, na Kobe. “Baba Hondohondo. Tangu mvua ilipokatika alikuwa akiruka chini chini. Nikiwa juu namwona kila anayeyumba, anayebaki nyuma, anayekaa kivulini muda mrefu kupita kawaida. Mnadhani kwa nini sichelewi mazishini? Najua siku nyingi kabla. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaona nini.”

“Na wewe hukusema,” alisema Mama Nguchiro.

“Na mimi sikusema.”

Kobe hakumfariji wala hakumkaripia. Alisema tu kwamba Alhamisi, kabla ya majina kuitwa, Tumbusi atangulie kusema.

Ikawa hivyo. Kuhusu chungu walibishana majuma mawili. Tumbusi mwenyewe ndiye aliyependekeza salio la misa ya kumbukumbu litumike sasa, na kwamba kuanzia hapo nusu ya kila mchango ikae kwa ajili ya walio hai. Karani aliuliza swali la haki: wavivu wakisikia, si watakuja? “Watakuja,” alijibu Kobe. “Tukiwatembelea tutawajua. Tusipowatembelea tutawadhania, na pamoja nao tutawadhania wagonjwa.” Wengine hawakuridhika, na hadi leo hawajaridhika. Lakini wino mwekundu uliondolewa. Mwenye duara moja hupelekewa wawili kabla ya Jumapili, na hao wawili wakirudi hawaulizwi amesema atakuja lini. Wanaulizwa anakula nini.

Mnara wa kengele haukujengwa mwaka huo. Padre Twiga alianza kutembea kwa miguu kati ya vichaka, akipanua miguu na kuinamisha shingo kila anapofika kwenye tundu au shimo, na mwanzoni wenye nyumba waliona haya kumwona padre katika hali ile. Wakazoea.

Januari mpya ilipoingia Mama Hondohondo alikuwa ameshabomoa ukuta, na mabawa yake yalikuwa yamerudi. Alikuja jumuiyani Alhamisi ya pili, akakaa nyuma. Karani aliweka mkato mbele ya jina lake bila kusema chochote, akaendelea na maduara. Yalikuwa matatu tu.

La tatu lilikuwa la Fisi.

Mkutano ulitikisika. Bi Kanga alikumbusha mayai yaliyoibwa. Nguchiro walikumbusha mengine. Mmoja akasema Fisi amekosa kwa sababu anaona aibu, na anastahili kuona aibu. Tumbusi, aliyekuwa ameshasema zamu yake, akaomba kusema tena: amemwona Fisi siku tatu mfululizo hajatoka shimoni, wala harufu ya chakula cha jirani haimvuti.

“Jina lake limo,” alisema Karani Tamba. “Nani anakwenda?”

Padre Twiga akasema atakwenda yeye. Karani akaandika, akangoja wa pili, kwa kuwa kanuni mpya inataka wawili. Ilichukua muda. Kisha Digidigi wa Korongo la Chini, aliyerudi jumuiyani majuma mawili yaliyopita na ambaye bado alikuwa akikaa peke yake, akasema atamsindikiza Padre, ila asitangulie yeye.

“Mtambebea nini?” aliuliza Mama Hondohondo.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua Fisi anaumwa nini, wala anahitaji nini, wala kama mke wake bado yu hai. Karani aliacha safu hiyo wazi, akawaambia waende kwanza wakaulize.